Jipu Langu Ukutani

Siku uvumilivu wangu ulipokatika nilikuwa nimesimama mbele ya ubao wa matangazo kazini, nikisoma habari za titi langu la kushoto.

Lilikuwa limebandikwa kati ya saa za kufungua ghala na onyo la kutoegesha baiskeli kwenye ngazi. Nasema cheti cha hospitali, lakini kwangu ilikuwa kama titi lenyewe. Kilieleza kwa Kifaransa kwamba mimi, mpiga taipu wa daraja la pili, nilipata jipu kwenye titi la kushoto kwa ajili ya kunyonyesha, kwamba limepasuliwa, kwamba bado linatoa usaha, na kwamba nipumzike kabisa siku ishirini na moja. Kilishikwa kwa pini nne, moja kila pembe, kama picha ya rais. Pembeni watu walikuwa wameandika kwa penseli. Mmoja: "Pole toka ghala ya pili." Mwingine: "Na la kulia linasema nini?" Wa tatu alikuwa amesahihisha Kifaransa cha muuguzi kwa wino mwekundu na kumpa sita juu ya kumi.

Chini yake palikuwa na karatasi nyingine, mpya, iliyopigwa taipu vibaya na mtu ambaye si mimi. Ilikuwa orodha ya muda ya wafanyakazi watakaoondolewa. Jina langu lilikuwa la tatu. Kwenye safu ya sababu waliandika: "Hayupo kazini siku kumi na mbili, sababu haijulikani."

Sababu ilikuwa kiganja kimoja tu juu ya hayo maneno, imeshikwa kwa pini nne.

Sikumbuki vizuri nilianza na nini. Nakumbuka kikapu cha barua zinazotoka, nilikimwaga. Nakumbuka nilisema kwamba kwenye ofisi hii wote ni vipofu isipokuwa macho ya kuangalia matiti ya watu. Nilisema mengine pia, ambayo sikujifunza kwa masista. Nilikuwa nimetoka hospitali kubadilishiwa bandeji, mkono wa kushoto haupandi zaidi ya kiuno, miguuni nina kandambili, na sauti yangu ilifika mpaka kwa wapakiaji uani, maana waliacha mizigo wakaja dirishani.

Nilipomaliza, ofisi nzima ilipiga makofi.

Karani mkuu akatoka kwenye chumba chake cha vioo, akitabasamu kama bwana harusi. "Angalieni," akawaambia. "Uyoga umeota katikati ya bureau. Nani alimwaga maji hapa?"

Wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta.

Ili mtu aelewe kwa nini hasira ya kweli ya mtu mzima inapigiwa makofi, lazima nieleze mambo ya Mvua na Uyoga. Kwa upande wa mama zetu, mimi ni wa ukoo wa Uyoga. Karani mkuu ni wa ukoo wa Mvua. Koo hizi mbili ni watani tangu zamani ambazo hakuna anayezikumbuka. Watu wa Mvua wanasema sisi tusingeota bila wao. Sisi tunasema wao wanakuja mara moja kwa mwaka, wanapiga kelele nyingi, wanaharibu barabara, kisha wanaondoka. Mtani anakutukana wewe na bibi yako, anachukua kofia yako na haulizi, anacheza kwenye msiba wa baba yako, na huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye uliyekosa adabu.

Siku yangu ya kwanza kazini, nikiwa na diploma yangu ya sekondari kwenye bahasha na viatu vinavyobana, aliniuliza mama yangu ni wa ukoo gani. Nikamwambia. Akafuta kiti changu kwa leso, akasema, "Ikala, mukate ya mainzi." Kaa, mkate wa nzi. Mahali pengine ningelia. Hapo nilijua nimepata mtu wangu. Nikamwambia ashukuru Mungu kuna paa, la sivyo angeingia kwenye mafaili yote. Miaka miwili tulitukanana hivyo kila asubuhi, na nasema kweli, kwenye kampuni ile ya kusafirisha mizigo hakuna aliyenitendea vizuri kama yeye. Ndiye aliyenipa mashine nzuri. Ndiye aliyeniachia saa ya kutoka mapema nilipokuwa na mimba ya miezi minane, akisema hataki uyoga upasukie juu ya karatasi za forodha.

Na mimi sikuwa nyuma. Nilikuwa na silaha yeye asiyokuwa nayo, taipu. Baada ya Katanga kuwa nchi peke yake na kila wiki kutangazwa waziri wa hiki na waziri wa kile, nilimpigia barua rasmi ya kumteua Waziri wa Mvua, Ukungu na Matope, yenye mihuri mitatu, yote niliigonga kwa kizibo cha chupa. Aliisoma kwa sauti, amesimama juu ya kiti. Halafu, mwezi mmoja kabla sijajifungua, nilimtengenezea cheti cha daktari. Kilisema ana unyevu wa ukoo, aning'inizwe kwenye kamba ya nguo siku tatu, kichwa chini. Alikibandika kwenye ubao wa matangazo kwa pini nne. Kilikaa hapo mpaka karatasi ikawa njano.

Nilijifanyia mwenyewe, basi. Najua. Watu wameniambia vya kutosha.

Mtoto wangu alikuwa na wiki saba, nimesharudi kazini wiki ya kwanza, jipu lilipoanza. Mwanamke aliyewahi kupata jipu la titi hahitaji kuelezwa, na mwanamume hata akielezwa haelewi, kwa hiyo naliruka. Hospitali walilipasua. Daktari mzungu alikuwa amekwenda zake Rhodesia na familia yake, hajasema anarudi lini. Cheti aliandika muuguzi kwa mkono. Karatasi ilikuwa ile ya zamani, yenye jina la serikali ya zamani juu, limekatwa kwa mistari miwili, na pembeni limeandikwa jina la serikali mpya kwa penseli ya buluu. Muhuri wa misalaba ya shaba, alama ya nchi mpya, uligongwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza ulitoka kichwa chini. Sahihi ilikuwa ya muuguzi, kwa niaba ya daktari, kwa niaba ya mganga mkuu ambaye naye alikuwa hajateuliwa.

Mwaka ule karatasi zote za kweli zilifanana na mzaha. Cheti changu cha uongo cha unyevu wa ukoo kilikuwa kizuri kuliko hiki mara kumi. Kilikuwa na pambizo sawa.

Mama mdogo, mdogo wa mama yangu aliyekuja kunisaidia na mtoto, ndiye alikipeleka ofisini. Yeye ni Uyoga kama mimi na hawezi kuona mtu wa Mvua akamwacha apite. Nilimuuliza jioni alisema nini alipokitoa.

"Nilimuambia, chukua, mutoto yetu iko mugonjwa, maji yenu ilimuharibu."

"Na yeye?"

"Alicheka. Alisema iko muzuri kuliko ya mara ingine."

Hapo ilinipasa nistuke. Sikustuka, nilikuwa na homa.

Jumapili iliyofuata akaja mwenyewe kunitazama. Tulimsikia kabla ya kumwona, maana alianza kulia matanga toka kwenye kona ya njia yetu, hapo Katuba, akiita majirani watoke: Uyoga unaoza, Uyoga unaoza, nani atanusa. Shingoni amevaa utepe wa fundi wa nguo. Mtu mwenye akili angebaki amelala. Lakini afadhali nife kweli kuliko mtu wa Mvua anikute chini. Niliamka, nikafunga kitenge kipya, nikapaka mafuta usoni, nikakaa kwenye kiti kwa mgongo ulionyooka, na bandeji ikinichoma kama makaa. Alinipima kwa utepe toka kichwani hadi miguuni, akamwambia mama mdogo jeneza litakuwa fupi, hela itabaki ya pombe. Nikamwambia la kwake itabidi liwe pipa. Akala bukari yetu, ugali, na sombe ya majani ya muhogo, akaomba nyingine. Tulicheka saa nzima. Mtoto alinyonya upande mmoja tu, na hilo nalo akalisemea, kwamba serikali mpya imeanza kupunguza mpaka maziwa.

Akiwa mlangoni, alishusha sauti. "Rudia kazi, mama. Banaanza compression. Mizigo ya kaskazini haitembei tena, banataka kutoa dactylo babili. Mwenye haonekane, ataenda."

Dactylo ni sisi wapiga taipu. Compression ndilo neno walilotumia la kupunguza watu, kama vile sisi ni pamba ya kushindiliwa kwenye gunia.

"Nitarudia," nikamwambia, "siku Mvua itaacha kukojoa mu majani ya bantu."

Akanitazama kidogo. Akacheka, akaenda. Na mimi nikacheka, nikarudi kitandani, nikalala siku mbili bila kujitambua. Sasa naelewa kwamba ilikuwa mara moja tu katika miaka miwili ambapo yule mtu hakuwa akitania. Na yeye alikuwa ameondoka amehakikisha kwa macho yake kwamba mimi ni mzima kama ng'ombe, na kwamba cheti kile ni kisasi cha unyevu wa ukoo. Kesho yake akakibandika. Kwenye daftari la mahudhurio akaendelea kuandika: hayupo, hayupo, hayupo.

Basi turudi ofisini, kwenye makofi.

Nilimfuata kwenye chumba chake cha vioo nikafunga mlango. Nikamwambia taratibu, kwa sauti ya chini, kwamba cheti ni cha kweli.

"Ni ya kweli kabisa," akasema. "Hata ile ya unyevu ilikuwa ya kweli. Bibi yangu alisema niko nayo."

"Nimepasuliwa."

"Uyoga wanapasuaka. Halafu wanatia mu mafuta."

"Nisikilize. Kwenye orodha kuna jina langu."

"Iko ya tatu. Nilikuambia."

"Nitapoteza kazi."

Akafuta macho kwa leso. Alikuwa anacheka kwa furaha ya kweli, kama mtu aliyemkosa rafiki yake wiki mbili. "We mwanamuke, unajua kucheza. Hata machozi uko nayo."

Yalikuwa machozi. Nilikuwa nalia. Sijui mtu afanye nini tena ili aaminiwe kwenye mji huu. Nifungue blauzi? Nilifikiria. Nilishika kifungo. Wapakiaji bado walikuwa dirishani.

Nikapanda kwa mkuu wa wafanyakazi, ghorofani. Alikuwa Mbelgiji kijana, ana miezi minane nchini, na kitu alichopenda kuliko vyote ni kuelewa watu wa hapa. Nilimweleza yote kwa Kifaransa safi, toka jipu mpaka pini. Alinisikiliza ameunganisha vidole. Nikataja karani mkuu, na uso wake ukafunguka kama dirisha.

"Aa," akasema. "Utani. Nimeelezwa. Mvua na Uyoga, sivyo? Ni desturi nzuri sana. Kwetu Ulaya tumepoteza mambo kama haya."

Nikamwambia sitanii.

"Hasa," akasema, na akanikonyeza.

Akanisindikiza mpaka mlangoni na kunishukuru. Orodha ya mwisho, akasema, ingebandikwa Jumamosi saa sita mchana. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Mtu akiniuliza kwa nini sikuacha kazi yenyewe iende, jibu langu lipo Kambove. Mume wangu anafanya kazi mgodini huko na ananipenda, sina neno juu yake. Lakini anaishi kwa mama yake. Na alikuwa ameniandikia tayari kwamba kama mambo ya mjini ni magumu nije tu, mama atafurahi, kuna nafasi chumbani kwake. Chumbani kwa mama, nasema. Nilikaa naye wiki mbili baada ya arusi. Alisimama nyuma yangu kila niliposonga bukari, akinihesabia mizunguko ya mwiko. Aliniambia mwanamke mwenye kusoma sana maziwa yake yanakuwa mepesi. Kazi ile ya taipu ilikuwa vyumba vyangu viwili vya Katuba, mlango wangu, mwiko wangu. Ningeipoteza, ningekula na kulala chini ya jicho la mama mkwe mpaka mmoja wetu afe, na yeye ana afya.

Nilifika nyumbani nikimwaga maneno toka mlangoni. Mama mdogo alikuwa anampakata mtoto, akaniacha nimalize.

"Ulikasirika namna gani?" akauliza.

"Namna gani, vipi? Nilikasirika. Nilitukana. Nilimwaga kikapu."

"Ya mudomo."

"Ya mdomo na ya kikapu."

"Ya mudomo ni utani," akasema. "Hata ukimupiga, ni utani. Ulimupelekea kuku?"

Nikamwuliza kuku wa nini.

Akaniangalia jinsi wanavyoniangalia nyumbani ninapoonyesha kwamba masista walinifundisha Mto Rhine lakini hawakunifundisha kitu. Kumbe kuna mlango wa kutoka kwenye utani, na hakuna aliyeniambia kwa sababu hakuna anayeutumia. Mtani akikuumiza kweli, unampelekea kuku mbele ya mashahidi. Unamwambia: hapa nimetoka mchezoni. Toka hapo kila unachosema kinachukuliwa kama kilivyo, na yeye lazima ajibu kama mtu anayejibu mashtaka. Kukataa kuku hawezi. Na ni aibu kwenu wote wawili, kwa hiyo watu wanavumilia. Mama mdogo alikuwa ameona kuku akipelekwa mara moja tu maishani, wakati mtu wa Mvua alipouza mlango wa marehemu.

"Jogoo?" nikauliza.

"Jogoo watasema unacheka bado. Tetea. Na asiwe amekonda, juu ya nini unaenda kugombana na kuku ya njaa?"

Tukaenda sokoni asubuhi ya Alhamisi. Mama mdogo aliwapuliza kuku manyoya ya tumbo mmoja mmoja, akiwaambia wauzaji kwamba huyu si wa kula, huyu ni wa hasira, na wauzaji wakajua mara moja, wakatupa nafasi kama watu wanaonunua sanda. Tulipata tetea mweusi mwenye sura ya kudharau. Nilimshika kwa mkono wa kulia, kwapani. Mama mdogo alimfunga mtoto mgongoni, na tukashika njia ya mjini kwa miguu.

Kwenye njia ya reli kulikuwa na kizuizi: mapipa mawili, mti, na askari wanne wa kwetu waliokuwa na usingizi. Mmoja alitaka karatasi zangu. Nikampa kadi. Akataka karatasi za kuku.

"Kuku hana karatasi."

"Anaenda wapi?"

"Kwa mtu wa Mvua."

"Na weye ni nani?"

"Uyoga."

Askari akamtazama mama mdogo, mama mdogo akatikisa kichwa kuthibitisha. Uso wa yule kijana ukabadilika. Akawaita wenzake, akawaambia kitu kwa sauti ya chini, wakainua mti wenyewe. Hakutaka hata kumgusa yule kuku. "Pole, mama," akaniambia. Ilikuwa mara ya kwanza toka Jumatano mtu kuniamini, na hakuona cheti chochote.

Ofisini waliponiona walianza kutabasamu, wengine wakaweka kalamu chini ili wasikilize vizuri. Kisha wakamwona kuku. Sijawahi kusikia ofisi ile ikinyamaza hivyo, hata siku zile mabomu yalipolia upande wa uwanja wa ndege. Wale wasiojua waliulizia kwa macho, na wale wanaojua hawakuwajibu.

Karani mkuu alitoka na mdomo umeshafunguka kwa mzaha. Aliona kuku. Mdomo ukafunga.

Nikamweka mezani kwake, juu ya daftari la mahudhurio. "Hapa nimetoka mchezoni," nikasema. "Shahidi ni mama mdogo na hawa wote."

Mikono yake ilikuwa imelala mezani, pande mbili za kuku. Halafu akaniita kwa neno ambalo hajawahi kuniita.

"Madame," akasema. "Cheti ni ya kweli?"

"Ni ya kweli."

"Walikupasua?"

"Walinipasua. Siku ile ulinipima jeneza nilikuwa na homa ya kuniua."

Akaenda kwenye ubao wa matangazo mwenyewe. Alitoa pini nne moja moja, akafuta maneno ya penseli kwa raba, akipuliza vumbi, na huku mgongo wake ukiwa umetugeukia muda mrefu kuliko kazi ile ilivyohitaji. Wino mwekundu haukufutika. Akarudi, akamsogeza kuku, akafungua daftari, na kila palipoandikwa hayupo akaandika mgonjwa, mara kumi na tatu, na sahihi yake kila mstari. Nilitaka kumwambia yatosha. Sikuweza, nilikuwa nimetoka mchezoni.

Tulipanda ghorofani wote: karani, mimi, mama mdogo na mtoto, na kuku, kwa kuwa hakuna aliyejua pa kumwacha. Mbelgiji alifurahi alipotuona.

"Na kuku, je," akauliza, "ni sehemu ya utani?"

"Hapana, Monsieur," karani akasema. "Kuku ni mwisho ya mambo." Akamweleza kosa lake lote, wima, bila kujitetea. Nimewaona wanaume wengi wakiomba radhi na ule ndio ulikuwa mzuri kuliko wote.

Mbelgiji akaacha kutabasamu. Akasema orodha ameshaipeleka kwa mkurugenzi, na haiwezi kubadilishwa kwa maneno. Lazima yaje malalamiko ya maandishi toka kwa mfanyakazi mwenyewe, na viambatisho vyake. Nikamwomba karatasi. Taipu ilikuwa haiwezekani, mkono wa kushoto umekataa. Niliandika kwa mkono kwenye pembe ya meza yake, kwa Kifaransa, kisha mara ya pili kwa Kiswahili, nakala ya karani mkuu, ili asije akasema Kifaransa kimemchekesha. Mama mdogo alisimama nyuma yangu akiniuliza kila mstari nimesema nini, na kuniambia ni kidogo.

Jumamosi orodha ilibandikwa, na jina langu halikuwemo. Nilirudi kazini jipu lilipopona. Karani mkuu ananisalimia kila asubuhi kwa heshima, "Bonjour, Madame," ananivutia kiti, na haniulizi kitu. Utaratibu ni kwamba yeye ndiye wa kuufungua mchezo tena, siku atakapomwalika mtu wa ukoo wetu kula yule kuku pamoja naye, na mpaka leo ninapoandika hajamchinja. Naambiwa anataga. Heshima hiyo inanichosha kuliko usaha. Lakini sijutii hata neno moja la barua ile, na kwa kuwa kila mtu mjini anaisimulia anavyotaka, naiweka hapa kama nilivyoiandika.

*

Kwa Bwana Mkuu wa Wafanyakazi.

Kuhusu: kuondolewa kazini kwa mtu ambaye ni mgonjwa, na mambo ya ubao wa matangazo.

Bwana,

Mimi niliyeweka sahihi hapa chini, mpiga taipu wa daraja la pili, nalalamika rasmi.

Nalalamika kwamba niliandikwa sikuonekana kazini bila sababu, hali sababu ilikuwa imeletwa siku ya kwanza na mama yangu mdogo, mtu mzima, kwa mkono wake.

Nalalamika kwamba sababu hiyo ilibandikwa mahali ambapo wapakiaji, madereva, wateja na mchuuzi wa maandazi waliweza kusoma hali ya titi langu, na kwamba miongoni mwa hao wote, kwa siku nyingi, hakukuwa na hata mmoja aliyesoma karatasi mbili zilizopakana na kuona kwamba moja inaijibu nyingine.

Nakiri kwamba zamani nilimwandikia karani mkuu cheti cha uongo. Nakiri kilikuwa kizuri. Hilo si ruhusa ya kudhani kwamba sitaugua maisha yangu yote.

Nalalamika pia juu yako, Bwana. Nilikuja kwako nikilia na ukanishukuru kwa desturi yangu. Desturi zetu ukitaka kuzijua, uliza pia zinaishia wapi.

Naomba jina langu litolewe kwenye orodha kabla ya Jumamosi saa sita. Naomba siku zangu ishirini na moja zihesabiwe zote, pamoja na hizi mbili nilizotembea kwa miguu kuja kuzidai. Naomba yule aliyempa muuguzi sita juu ya kumi ajitokeze, kwa sababu yule muuguzi alinipasua peke yake, hakuna daktari, na mkono wake haukutetemeka.

Kama barua hii itaonekana ya kuchekesha, naomba isomwe mara ya pili.

Viambatisho: cheti kimoja cha hospitali, chenye matundu manne; kuku mmoja, yuko mikononi mwa karani mkuu.

Nasubiri jibu la maandishi.

Mpiga taipu wa daraja la pili, mgonjwa